Watoto wa Ernabella

Kaskazini-magharibi mwa jimbo la South Australia ipo safu ya milima iitwayo Musgrave. Ni nchi kame ya mchanga mwekundu, na wenyeji wake ni Wapitjantjatjara, mojawapo ya makabila mengi ya Waaborijini. Hapo, katika shamba la kondoo, Kanisa la Presbiteri lilianzisha misheni ya Ernabella mwaka 1937, kwa juhudi za daktari wa mji wa Adelaide, Charles Duguid.

Yafaa msomaji azikumbuke zama zile. Tangu mwanzo wa karne ya 20 hata miaka ya 1970, watoto wengi wa Kiaborijini, hasa wale wenye baba wa Kizungu, walinyang'anywa wazazi wao kwa amri za serikali wakalelewa mbali, na wengi walikatazwa kunena lugha yao. Duguid alishika shauri jingine: lugha na mila za wenyeji ziheshimiwe. Kwa hiyo shule ilipofunguliwa mwaka 1940, mafunzo yalitolewa kwa Kipitjantjatjara, na watoto wakajua kuandika lugha ya mama zao kwanza.

Lakini elimu yao haikuanza kwa kalamu. Mtoto alikuwa amekwisha kusoma mchangani: nyayo hizi ni za mjusi, zile za mbwa-mwitu aitwaye dingo, na hizi za shangazi yake, aliyepita alfajiri. Sioni kwa nini tuite kusoma huku kuwa ni kudogo. Wasichana walifuatana na mama zao kuchimba tjala, yaani chungu wenye matumbo yaliyojaa asali, ambao hukaa chini sana ardhini. Chuma kilipopatikana, mtaimbo ulichukua nafasi ya kijiti cha kuchimbia. Wakati wa likizo jamaa nzima ziliondoka kwenda kuwinda dingo, na ngozi za vichwa vyake zilibadilishwa misheni kwa unga na sukari.

Wasichana walikuwa na mchezo wao pia, nao ungaliko. Msimulizi huketi, hulisawazisha vumbi kwa kiganja, huchora nyumba na watu kwa kidole, huku akigonga ardhi kwa kijiti kilichopindwa. Siku hizi wengi hutumia kipande cha waya badala ya kijiti, na katika hadithi zao huingia magari na maduka.

Baadaye, karibu na mwaka 1990, wazee wenyewe waliamua kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza. Walisema lugha ya nyumbani ni kazi ya nyumbani, na mtoto asiyejua Kiingereza atashindwa kujitetea mbele ya wakubwa wa serikali. Hawakuwa wajinga, hoja hiyo hata wazazi wa Kenya wameitoa mara nyingi. Hata hivyo miaka ilipopita, wengi waliona hasara, na serikali ya jimbo ikatangaza mpango wa kuirudisha lugha hiyo darasani hatua kwa hatua.