Ekari 160 za Bure

Tarehe 20 Mei 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, Abraham Lincoln alitia saini sheria iitwayo Homestead Act. Masharti yake yalikuwa mepesi kusimulia: uwe na miaka 21 au uwe kichwa cha familia, ulipe ada ndogo, uchague ekari 160, ujenge nyumba, ulime, ukae miaka mitano. Ukivumilia, unapewa hati. Mwanamke asiye na mume aliruhusiwa. Mhamiaji aliyetangaza nia ya kuwa raia, vilevile.

Sheria ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1863, na Daniel Freeman akawa miongoni mwa waombaji wa siku hiyo. Shamba lake, karibu na mji wa Beatrice, Nebraska, lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1936. Mwaka 2007 kikafunguliwa hapo kituo cha urithi, chenye paa lililoinuka mfano wa plau inayopasua ardhi.

Nasomea uzamili wa historia, na katika kituo hicho kilichonivuta zaidi ni ukuta wa njiani. Majimbo 30 yaliyoguswa na sheria hiyo yamechongwa kwa mabamba ya chuma. Kila bamba lina tundu linaloonyesha ni sehemu gani ya jimbo iliyogawiwa. Tundu la Nebraska ni karibu asilimia 45. Kwa nchi nzima, ziligawiwa takriban ekari milioni 270, yaani asilimia 10 ya Marekani.

Mbunifu alitaka tuone kiasi kilichotolewa. Mimi niliona pia kilichoondolewa. Bonde hilo lilikuwa la Waotoe na Wamissouria. Kwa mkataba wa 1854 waliachia sehemu kubwa ya ardhi yao, wakabanwa katika eneo dogo kando ya mto Big Blue, na katika miaka ya 1880 wakahamishiwa Oklahoma ya leo. Serikali iliweza kuitoa ardhi bure kwa kuwa wenyewe walikuwa wameshaondolewa.

Nimekulia Kenya, ambako serikali ya kikoloni iliyaita maeneo “matupu” kuwa ardhi ya Taji, kisha ikawagawia walowezi. Ndiyo maana nikisikia ardhi ya bure, swali langu la kwanza ni: ya nani?

Hata hivyo, siwezi kudharau jasho la waliokuja. Walijenga nyumba kwa vipande vya udongo wenye nyasi, kwa kuwa miti ilikuwa adimu. Weusi waliotoka utumwani, na watoto wao, nao walipata hati humo, wengi kwa mara ya kwanza katika ukoo wao. Jasho hilo linastahili kituo na sherehe. Ila neno “bure” ningelitoa kwenye hotuba za sherehe hiyo, maana bei ililipwa, na waliolipa wana wajukuu walio hai Oklahoma.