Degedege: Historia ya Uamuzi wa Kumpeleka Mtoto Hospitali

Degedege humpata mtoto mdogo homa inapopanda ghafla. Macho hugeuka, viungo hukakamaa na kutetemeka, povu hutoka mdomoni, fahamu hupotea. Katika mwambao wa Tanzania na katika mabonde ya Rufiji na Kilombero, ambako malaria haijawahi kuondoka, hakuna ugonjwa wa mtoto uliowalazimisha wazazi kuamua haraka kama huu, wala hakuna uliozusha mvutano mrefu zaidi kati ya nyumbani na hospitali. Hata kufikia miaka ya 1990, katika kaya nyingi za sehemu hizo, njia iliyoeleweka ilikuwa moja: mtoto wa homa hupelekwa zahanati, mtoto wa degedege hupelekwa kwa mganga.

Uamuzi huo uliitwa ujinga, na haukuwa ujinga. Ulijengwa juu ya mambo ambayo watu waliyaona kwa macho yao, na asiyeyajua mambo hayo hawezi kuielewa historia ya malaria ya watoto pwani.

La kwanza ni tabia ya ugonjwa wenyewe. Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 anaweza kupata degedege kwa homa yoyote kali, na mara nyingi mshtuko huo hukoma wenyewe baada ya dakika chache. Mtoto huzinduka, hulia, hunyonya. Upo mshtuko mwingine, ule wa malaria iliyopanda kichwani. Vimelea aina ya Plasmodium falciparum hujibanza katika mishipa midogo ya ubongo, sukari ya damu hushuka, degedege hurudiarudia, na mtoto haamki. Huyo asipotibiwa anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Hata wanaofikishwa hospitalini na kutibiwa vizuri, katika kila watoto 100 hufa kama 15 hadi 20. Usiku wa manane, kwa mwanga wa kibatari, mwanzo wa hali hizi mbili ni uleule.

Kwa hiyo mganga aliwapokea wengi wa kundi la kwanza. Mtoto alifukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, aliogeshwa maji ya majani, wakati mwingine alimwagiwa mkojo, akafungwa hirizi. Maji yalipoza mwili, mshtuko ukapita kama ambavyo ungepita, na dawa ikapata sifa. Wale ambao hawakuzinduka ndio waliobebwa hadi hospitali siku ya pili au ya tatu, wakiwa hoi. Huko walichomwa kwinini, na wengi walikufa muda mfupi baadaye. Familia ilikumbuka mambo kwa mfuatano wake: baada ya moshi mtoto aliamka, baada ya sindano mtoto alikufa. Ndipo likaenea onyo ambalo watafiti walilikuta likitajwa Bagamoyo na pia Kilombero, kwamba kumchoma sindano mtoto mwenye degedege ni kumwua. Maelezo ya chanzo yalikwenda sambamba na tiba hiyo. Wengi walisema ni shetani anayepita usiku kwa umbo la ndege au nondo mkubwa, akamwangukia mtoto. Upande wa Kenya, huko Kilifi, degedege nalo lilihusishwa na ndege, aliyeitwa nyuni.

Sindano yenyewe haikuchukiwa na watu wa Tanganyika. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iliendesha kampeni ya kutibu buba kwa sindano za bismuthi. Vidonda vilivyomtesa mtu kwa miaka vilikauka haraka, na watu walimiminika, wengine kutoka mbali kwa miguu, wakidai kuchomwa. Watu hawahawa ndio walioikataa sindano ya degedege. Walipima dawa kwa matokeo yake, na katika jambo hili matokeo waliyoyaona yaliwapotosha.

La pili ni hospitali ilivyofika. Mwishoni mwa karne ya 19, chini ya Wajerumani, hospitali ya Ocean Road mjini Dar es Salaam ilijengwa kwa ajili ya Wazungu. Hospitali ya Waafrika na Wahindi ilitokana na fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara tajiri wa Bagamoyo, ambaye ukarimu wake uliufikia mji wake pia. Robert Koch alichunguza malaria Dar es Salaam mnamo 1897 na 1898, lakini kazi hiyo haikufika kwa mtoto wa kijijini Rufiji. Chini ya Waingereza zilianzishwa zahanati ndogo za serikali za wenyeji, zikiendeshwa na wahudumu walioitwa madresa, waliojua kufunga vidonda na kugawa dawa chache. Mzazi aliyekuwa na mtoto aliyekakamaa hakuwa na sababu kubwa ya kumpita mganga wa jirani na kutembea nusu siku kumfuata dresa ambaye hakuwa na la kufanya.

Tena aliyeamua hakuwa mzazi peke yake. Mama ndiye aliyeiona homa kwanza, akamkanda mtoto kwa kitambaa cha maji na kumpa vidonge vya dukani. Degedege lilipoanza, jambo lilitoka mikononi mwake. Bibi, hasa mama mkwe, ndiye aliyesema huu ni ugonjwa wa hospitali au si wa hospitali. Baba ndiye mwenye fedha ya nauli na kauli ya kuruhusu safari. Akiwa shambani au ziwani, walisubiri au walimwendea kaka yake. Mjomba na shangazi nao waliitwa. John Janzen, katika kitabu chake cha 1978 kuhusu tiba miongoni mwa Wakongo wa Zaire ya chini, alionyesha kwamba kundi la ndugu ndilo linalosimamia safari ya mgonjwa kutoka tiba moja hadi nyingine, na Steven Feierman aliandika mambo ya karibu na hayo kuhusu Washambaa wa Usambara. Kikao cha namna hii kina faida kubwa kwa ugonjwa wa muda mrefu, maana hugawana gharama, lawama na uchungu. Kwa malaria ya kichwani, saa zilizotumika kukusanya ndugu ndizo saa mtoto alizokuwa akizihitaji.

Uhuru ulibadili umbali. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hasa katika miaka ya 1970, zahanati na vituo vya afya vilijengwa vijijini kwa kasi, hata kufikia mwisho wa muongo huo karibu watu tisa katika kila kumi waliishi ndani ya kilomita 10 kutoka kituo cha tiba. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, na malaria ilikuwa miongoni mwa mada zake. Watu waliipokea kweli elimu hiyo: mbu, madimbwi, dawa ya klorokwini. Ila degedege lilibaki nje ya elimu ya malaria.

Hilo lilidhihirika katika miaka ya 1990, watafiti walipokaa na akina mama wa Bagamoyo na kuwauliza majina ya magonjwa badala ya kuwafundisha. Homa ya malaria ilikuwa ugonjwa wa kawaida, wa mbu, wa vidonge. Degedege, bandama na upungufu wa damu vilikuwa magonjwa mengine, kila kimoja na chanzo chake. Miaka mingi mabango yalisema mtoto mwenye malaria apelekwe zahanati, na mama aliyeyaamini kabisa aliweza bado kumpeleka mtoto wa degedege kwa mganga bila kukaidi lolote. Ujumbe haukuwa umemtaja mtoto wake.

Wakati huohuo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikuwa wakiandaa mwongozo wa kutibu magonjwa ya watoto kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kuutumia. Humo ziliwekwa dalili za hatari za jumla: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea sana au hajitambui. Moja kati ya hizo inatosha kumtoa nyumbani mara moja. Orodha hii fupi ilikuwa na uzito zaidi kuliko mabango yote yaliyoitangulia, kwa sababu ilimwondolea mama mzigo wa kujua ni ugonjwa gani na ikamwachia kazi anayoiweza kuliko daktari yeyote, yaani kumtazama mtoto wake. Na dalili ileile iliyomaanisha mganga kwa vizazi, sasa ilitakiwa imaanishe hospitali.

Waganga nao hawakuwa ukuta. Huko Kilosa na Handeni, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwakuta wakiwatibu watoto wenye malaria kali, na baadhi yao wakiwapeleka hospitali walioona wamewashinda. Mganga anayesema “huyu sasa apelekwe hospitali” humaliza ubishi ambao muuguzi hawezi kuumaliza, kwa kuwa bibi humsikiliza.

Hata hivyo, lawama yote kuangushiwa nyumba za wakulima haikuwa haki. Watafiti wa Rufiji walifuatilia vifo vya malaria mwanzoni mwa karne hii, wakiuliza kila familia mgonjwa alipelekwa wapi kwanza. Zaidi ya robo tatu ya waliokufa walikuwa wameanza na tiba ya kisasa. Familia hizo ziliamua sawasawa, na bado zilizika. Zilipewa klorokwini wakati vimelea vilikuwa vimeizoea. Nchi iliiacha dawa hiyo mwaka 2001 tu ikahamia dawa ya SP, nayo ikashindwa, mpaka dawa mseto ya ALu ilipoanza kutolewa mwishoni mwa 2006. Sereen Thaddeus na Deborah Maine, wakiandika mwaka 1994 kuhusu vifo vya wajawazito, walitaja machelewo matatu: kuamua, kufika, na kuhudumiwa baada ya kufika. Mabango yalishughulika na la kwanza peke yake.

Dawa bora ndiyo iliyosafisha jina la sindano. Mwaka 2010 utafiti uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, kwa watoto zaidi ya 5,400 wenye malaria kali, ulionyesha kwamba waliochomwa artesuneti walikufa kwa asilimia 8.5, na waliopewa kwinini kwa asilimia 10.9. Vyandarua na dawa mseto vilipunguza ugonjwa wenyewe: watoto wa chini ya miaka 5 waliokutwa na vimelea Tanzania Bara walikuwa asilimia 18 mwaka 2007–08, na karibu asilimia 7 mwaka 2017.

Kwa kijiji kilicho mbali na hospitali ilibuniwa artesuneti ya kuwekwa kwenye njia ya haja kubwa, apewe mtoto asiyeweza kumeza kabla ya safari. Majaribio ya Ghana, Bangladesh na Tanzania, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kwamba kwa wale waliotumia zaidi ya saa 6 kufika kliniki, vifo na ulemavu wa kudumu vilipungua kwa karibu nusu. Ilipogawiwa baadaye katika huduma za kawaida za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Uganda na Nijeria, kati ya 2018 na 2020, vifo havikupungua. Watoto wengi walipewa dawa, homa ikatulia, safari ikaahirishwa au ikaishia mahali pasipo na matibabu kamili. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zisitishe kuisambaza, na mwaka uliofuata likatoa maelekezo mapya: itolewe tu pale ambapo mtoto anaweza kufikishwa hospitali, akachomwa sindano, kisha akamaliza dozi ya dawa mseto.