Somo la Historia ya Utabibu: Kusikiliza Damu Ndani ya Kichwa

Walio katika vikundi na wakae karibu na redio, na katibu wa kikundi ashike kalamu, kwa maana mwisho wa somo kuna maswali.

Somo la leo ni historia, lakini si ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya chombo kinachopima mwendo wa damu ndani ya kichwa bila kupasua fuvu wala kumchoma mtu sindano.

Uwanda wa Makonde si mgeni katika historia ya utabibu. Mwaka 1952 na 1953 homa ya kuumiza viungo iliwaangusha watu wengi huku. Madaktari Robinson na Lumsden waliandika habari zake mwaka 1955, na jina lililotumiwa na wenyeji likaenea duniani kote: chikungunya, neno la Kimakonde, yaani kile kinachompinda mtu. Waganga wa siku zile waliujua ugonjwa kwa kumtazama mgonjwa jinsi alivyojikunja. Lakini je, ugonjwa uliojificha ndani ya fuvu utatazamwaje?

Jibu lilianza mbali. Mwaka 1842, katika mji wa Prague, mtaalamu Christian Doppler alieleza kwamba mawimbi hubadilika iwapo kitu kinachoyatoa kinakuja au kinakwenda. Mnalijua jambo hili. Lori likija mbio huku likipiga honi, sauti huwa nyembamba. Likisha kupita, sauti huwa nzito. Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot alilijaribu kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta katika gari la moshi, naye akaona ni kweli. Baada ya zaidi ya miaka 100, watabibu walianza kuitumia kanuni hiyo kwa damu. Chombo hupeleka sauti isiyosikika kwa sikio, sauti hiyo hugonga chembe za damu na kurudi, na kwa tofauti yake twajua damu inakwenda kasi gani.

Kichwa ndicho kilichokuwa kigumu, maana mfupa huimeza sauti. Mwaka 1982 Rune Aaslid na wenzake walionyesha njia. Walichagua sauti ya mitetemo milioni 2 kwa sekunde, wakaipitisha kwenye panja, hapo juu ya shavu mbele ya sikio, ambapo mfupa ni mwembamba. Basi mlango ukapatikana bila kuvunja ukuta.

Afrika ya Mashariki haikukaa nyuma. Katika miaka ya 1990, huko Kilifi, Kenya, Charles Newton na wenzake walipima hivyo damu ya vichwa vya watoto waliopoteza fahamu kwa malaria, na matokeo yakatolewa mwaka 1996.

Lakini faida kubwa imeonekana katika ugonjwa wa selimundu. Katika ugonjwa huu chembe za damu hukunjika kama mundu na kuziba mishipa. Mtoto huupata akirithi mbegu yake kwa baba na kwa mama pia. Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha kwamba aliyerithi upande mmoja tu hukingwa kwa kiasi na malaria kali. Ndiyo sababu mbegu hii imebaki kwa wingi katika nchi zenye mbu. Kwa makadirio ya wataalamu, watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka.

Mishipa ya kichwa ikisonyoka, damu hulazimika kwenda mbio, kama maji ya mto yanapopita penye miamba iliyobanana. Mwaka 1992 Robert Adams wa Marekani alionyesha kwamba mbio hizo hutangulia kiharusi. Mwaka 1998 yakaja matokeo ya watoto 130 ambao damu yao ilifika sentimita 200 kwa sekunde au zaidi. Kati ya 67 waliotunzwa kwa desturi, 11 walipata kiharusi. Kati ya 63 walioongezewa damu mara kwa mara, alipata mmoja tu.

Kwetu kuongeza damu kila mwezi ni kazi nzito, kwa kuwa akiba ya damu ni haba. Kwa hiyo Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliwapima watoto zaidi ya 200 wenye selimundu, na wale ambao damu yao ilikwenda mbio wakapewa dawa ya kumeza iitwayo haidroksiurea. Kwa wengi wao mwendo ulipungua.

Basi neno la leo kwa wazazi ni hili. Kiharusi cha mtoto si uchawi, wala si lazima kingojwe. Mtoto mwenye selimundu apimwe kichwa tangu umri wa miaka 2, kabla hajapooza. Safari ya kutoka Newala ni ndefu na nauli ni ghali, kwa hiyo ulizeni kwanza hospitali ya wilaya chombo cha karibu kiko wapi. Nyumbani mtoto anywe maji ya kutosha, hata pale ambapo maji ya uwandani hupatikana kwa taabu, na alale ndani ya chandarua. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au usemi ukipotea ghafula, apelekwe hospitali saa ile ile.

Maswali ya kikundi:
1. Kwa nini sauti hupitishwa kwenye panja?
2. Damu kwenda mbio kichwani ni dalili ya nini?
3. Kijiji chetu chaweza kumsaidiaje mzazi asiye na nauli?

Kwaherini, hata somo lijalo.