Maradhi ya Koo na Safari ya Vipimo hadi Kulamawe

Katika nchi ya Isiolo, ambayo tangu zama za ukoloni imesifika kwa ng'ombe, ngamia na ukame kuliko kwa jambo jingine lolote, elimu ya kupima maradhi iliwafikia wanyama kabla ya kuwafikia watoto, na msomaji asidhani kwamba nasema haya kwa mzaha. Ng'ombe waliotoka pande za kaskazini walizuiliwa katika karantini ya Isiolo, wakachunguzwa, na damu yao ikapimwa homa ya mapafu, kabla ya kupewa ruhusa ya kupelekwa nyanda za juu walikokuwa walowezi na mifugo yao. Na kazi ya namna hiyo ilikuwa na maabara yake Kabete tangu mwaka 1910. Lakini mtoto wa mfugaji huyohuyo, akiamka na homa na koo lililovimba hata mate hayamezeki, alitazamwa na mama yake kwenye mwanga wa jua, akanyweshwa maziwa ya moto, akaombewa dua. Na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki alipelekwa kwa mtu wa kisu akakatwa kimio, kwa itikadi kwamba kile kijinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi ndicho asili ya kikohozi na maumivu yote ya koo. Desturi hiyo haijafa hata leo, na madhara yake ni bayana: damu humwagika, kidonda huoza, na vijidudu vilivyoleta maradhi hubaki palepale.

Vijidudu vyenyewe vilikwisha kupata jina zamani. Theodor Billroth, tabibu mpasuaji wa Vienna, aliviona mwaka 1874 vimeshikana mfano wa shanga katika uzi, akaviita streptokoki. Na mwaka 1903 Hugo Schottmüller huko Ujerumani akaonyesha kwamba vikioteshwa katika sahani ya aga iliyochanganywa na damu, baadhi yake huila damu hiyo, na kuzunguka kila kitone cheupe huonekana duara angavu lililokwisha wekundu. Mpaka sasa sahani hiyo ndiyo kadhi wa mashauri ya koo. Mtaalamu huchukua kijiti chenye pamba kilichopanguswa kwenye mafindofindo ya mgonjwa, akakipaka juu ya aga yenye damu ya kondoo, akaiweka sahani katika kabati la joto la nyuzi 35 hadi 37, akangoja kutwa na usiku, na ikiwa hakuona kitu akangoja siku ya pili. Mwaka 1933 Rebecca Lancefield wa New York aliyagawa makundi ya streptokoki kwa herufi, akalipa kundi linalomdhuru zaidi binadamu herufi A, na lile lililotoka katika maziwa ya ng'ombe wenye ugonjwa wa kiwele herufi B. Herufi hii ya pili tutaikuta tena Kulamawe.

Yamkini mtu atauliza, kwani koo ni ugonjwa gani hata ulimwengu uhangaike hivi, maadamu aghalabu hupona wenyewe katika muda wa wiki moja? Jibu liko moyoni. Kundi A, likiachwa bila dawa, huweza kumletea mtoto homa ya baridi yabisi majuma machache baadaye, na homa hiyo ikirudi mara kwa mara huharibu vali za moyo, hata kijana akawa hawezi kupanda kilima wala kubeba mimba kwa salama. Katika kambi ya askari ya Fort Warren, nchini Marekani, ambako vijana walilala wamesongamana na koo likaenea kutoka kitanda hadi kitanda, matabibu walithibitisha, katika taarifa waliyoitoa mwaka 1950, kwamba penisilini huizuia homa hiyo. Na baadaye ikadhihirika kwamba dawa hufaa hata ikichelewa kufikia siku ya tisa tangu koo lianze kuuma. Watu wa Isiolo nao wameijua misongamano, bali si ya hiari: katika vita vya Shifta, baina ya 1963 na 1967, Waborana walikusanywa kwa nguvu katika kambi za Garba Tula, Merti na Modogashe, zama wanazoziita Daba, wakapoteza sehemu kubwa mno ya mifugo yao. Serikali iliyoweza kuwahesabu watu wale asubuhi na jioni haikuwapelekea sahani ya damu.

Huko Marekani, Burtis Breese wa Rochester aliitoa sahani katika maabara kubwa mwaka 1954 akaiweka katika chumba cha daktari wa kawaida, na katika miaka ya 1980 vikaja vipimo vya haraka, ambavyo havioteshi chochote. Kijiti cha pamba huzamishwa katika matone ya dawa yanayolitoa ganda la kijidudu, kisha ukanda wa karatasi wenye kingamwili hutumbukizwa humo, na katika dakika 5 hadi 10 mstari hutokea au hautokei. Mapitio makubwa ya mwaka 2016 yaliyokusanya tafiti nyingi za watoto yaliona kwamba kipimo hiki, kikilinganishwa na kuotesha, huwagundua kiasi cha 86 katika kila wagonjwa 100 wa kundi A, na huwaachilia kwa haki kiasi cha 95 katika kila 100 wasio nalo. Tuseme basi watoto 100 wamekuja na koo, na 30 kati yao wana kundi A: kipimo kitawakamata 26, kitawakosa wanne, na kitawasingizia watatu au wanne wengine. Ndiyo maana Wamarekani huamrisha kwamba mtoto aliyeonekana hana, koo lake lioteshwe. Mtu mzima huachwa, kwa kuwa hatari yake ya homa ya baridi yabisi ni ndogo. Walakini sahani nayo si nabii: haimtofautishi mtoto mgonjwa na yule anayevichukua vijidudu kooni bila dhara, ilhali koo lake la leo limeletwa na virusi.

Sasa tuje Kulamawe, mashariki ya mji wa Isiolo kwenye njia ya Garba Tula, mahali ambapo maziwa ya ngamia hukusanywa alfajiri katika mitungi ya plastiki yakapelekwa Isiolo kwa akina mama wafanyabiashara, na kutoka huko hadi Eastleigh, Nairobi. Ngamia wa Kenya hupatwa na ugonjwa wa kiwele uletwao na streptokoki ya kundi B, na mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliokitumia kwa ngamia hawa kipimo cha California, kilichobuniwa 1957 kwa ajili ya ng'ombe: kisahani chenye vikombe vinne, kimoja kwa kila chuchu, ambamo maziwa huchanganywa na dawa, na yakigeuka mlenda, kiwele kina ugonjwa. Kipimo kile kilipimwa kwa kuotesha maziwa yaleyale, kama ipasavyo. Kwa mara ya pili, basi, mnyama alitangulia.

Rai yangu ni kwamba hoja ya sahani dhidi ya ukanda, ambayo huko ng'ambo ni hoja ya 86 na 100, hapa ni hoja nyingine kabisa. Damu ya kondoo si haba Kulamawe. Kilicho haba ni kabati la joto, umeme usiokatika na mtu wa kuisoma sahani. Fauka ya hayo, mtoto aliyeletwa zahanati kutoka fora, zile kambi za mbali za mifugo, hangoji siku mbili. Jibu likirudi kutoka Isiolo, ngamia wamekwisha kuhama naye. Kwa mtoto kama huyu mshindani wa ukanda ni kubahatisha: ama kumpa kila mwenye koo vidonge, ama kumrudisha kila mmoja mikono mitupu. Lakini ukanda nao una sharti lake, na wauzaji hulitaja kwa herufi ndogo: vipimo vingi vya aina hii vyataka kuhifadhiwa baina ya nyuzi 2 na 30, nako joto la mchana wa Isiolo huivuka 30 kwa siku nyingi za mwaka.

Kwa hiyo nahukumu hivi: ukanda uwekwe zahanati, mahali pa baridi, mtoto mwenye dalili zilizo wazi ambaye mstari haukutokea, kijiti chake cha pili kitiwe kikavu katika mfuko wenye chembe za kunyonya unyevu, ambamo kundi A huishi siku kadhaa, kikapelekwe Isiolo na gari la maziwa, na ambaye mstari umetokea, atibiwe papo hapo. Sindano ya benzathini penisilini hudungwa mara moja tu, na mtoto aweza kurudi fora siku hiyohiyo.