Mlizamu si shimo tu

Neno sakafu lina kisa chake. Leo tukilitamka, tunamaanisha pale tunapokanyaga ndani ya nyumba. Lakini neno hilo lilitujia kutoka Kiarabu, ambako saqf ni kile kilichoko juu ya kichwa: dari au paa. Vipi basi neno la juu likateremka hadi chini ya nyayo zetu?

Jibu limo katika nyumba za mawe za pwani yetu. Paa la nyumba hizo lilikuwa bapa na gumu, likikanyagwa kama ua. Watu walipanda huko jioni kupunga upepo, na mchana wakaanika vitu vyao. Nyumba ikiongezwa orofa, paa la chini likawa mahali pa kukanyaga kwa wakazi wa juu. Ndiposa kamusi za kale zinaieleza sakafu kuwa tabaka la chokaa lililopigwa likashikamana, liwe la chini au la juu kabisa. Hata dari nalo lina sura mbili: mtu akisema anakwenda darini, anapanda ghorofani.

Lugha, kwa hivyo, imetuhifadhia historia ya ujenzi. Na ndani ya historia hiyo kuna neno jingine ambalo tumekaribia kulizika: mlizamu.

Tuanze na paa lenyewe. Waswahili walijenga kwa mawe karne nyingi kabla ya Mreno kutia nanga hapa. Katika miji kama Kilwa, Gedi, Pate na Lamu, fundi alilaza boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa sababu hiyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba. Upana wake ulipimwa na boriti, na aghalabu haukufika mita tatu. Juu ya boriti alipanga vipande bapa vya mawe ya matumbawe, kisha akamwaga mchanganyiko wa chokaa, mchanga na kokoto. Hapo ikaja kazi ya kupiga. Watu walijipanga safu, kila mmoja na kipande chake cha mti, wakaipiga chokaa hiyo kwa siku kadhaa huku wakiimba. Kitenzi kusakifu chahusu kazi hiyo.

Lakini paa hilo bapa halikuwa bapa kabisa. Lilipewa mwinamo mdogo ambao jicho halikuuona ila maji yaliujua. Maji yalielekea ukingoni, kwenye ukuta mfupi uliozunguka paa. Hapo palitobolewa tundu, na ndani yake ukatiwa mlizamu, aghalabu ubao uliochongwa mfereji. Mlizamu ulitokeza nje ili maji yaanguke mbali, yasiulambe ukuta.

Waarabu wa Ghuba hukiita kifaa hicho mirzam, na udugu wa maneno hayo mawili uko wazi. Waliokwenda kuhiji wanaujua mfano wake mashuhuri: mlizamu wa dhahabu unaochomoza juu ya Kaaba, uitwao Mizab al-Rahma. Sisemi kwamba nyumba ya mawe ililetwa na wageni. Wanaakiolojia wameonyesha kwamba miji hii ilikua kutoka kwa jamii za hapa hapa. Neno ndilo lililosafiri. Fundi alikuwa mwenyeji.

Na fundi huyo alikuwa na mtihani ambao mwenzake wa Ghuba hakuwa nao. Kule mvua ni mgeni wa nadra. Huku kwetu masika hunyesha kwa majuma, na Mombasa mwezi wa Mei ndio hatari zaidi. Paa la chokaa, hata likipigwa vipi, si kopo la bati. Halikuishi kwa ugumu wake pekee. Liliishi kwa kutunzwa. Kabla ya masika ilibidi mtu apande juu, afagie majani, azibue mlizamu, azibe nyufa kwa chokaa mpya.

Je, asipopanda? Maji hutuama. Hupenya ufa, yakafika kwenye ncha za boriti zilizofukiwa ukutani, mahali ambapo hakuna upepo wa kuzikausha. Boriti huoza kimyakimya, na mchwa humaliza kilichobaki. Wakati huo huo, udongo uliorundikana mdomoni mwa mlizamu hugeuka kitalu: ndege hudondosha mbegu ya mtini-mwitu, ukaota, mizizi ikapasua ukuta. Anayezuru Gedi, mji uliokuwa umeachwa kufikia karne ya 17, huona miti ikiwa imekumbatia kuta ambazo hazina tena paa. Nyumba ya mawe aghalabu hufa kuanzia juu.

Wanafunzi wa fasihi wanalijua Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unaosawiri majumba ya Pate yaliyogeuka mahame. Tumezoea kuusoma kama mawaidha juu ya ulimwengu usiodumu, na ndivyo ulivyo. Lakini nadhani una funzo la kawaida pia: watu wakishaondoka, nani atazibua mlizamu?

Baadaye wenyeji walitafuta njia nyingine. Mji Mkongwe wa Unguja, mapaa mengi bapa yalifunikwa kwa mabati. Lamu, wengi walisimamisha makuti juu ya dari. Hiyo ilikuwa busara, maana maji yalizuiwa kabla hayajaigusa chokaa. Kilichodhuru zaidi ni saruji. Wengi walipaka saruji juu ya chokaa wakidhani wameimarisha. Kumbe saruji ni ngumu mno kwa jengo linalopumua; hupasuka, ikaingiza maji, kisha ikayafungia ndani yasikauke.

Sasa tutoke pwani tupande bara, maana paa bapa limerudi kwa kishindo. Tunaliita slabu. Ploti za Nairobi, Nakuru na Eldoret zimejaa fleti zenye slabu juu, na matangi ya maji, kamba za nguo na sahani za televisheni juu ya slabu hizo. Matumizi ni yale yale ya mababu wa Lamu. Tofauti ni kwamba mlizamu umekosa jina.

Katika chuo kimoja nilichowahi kufunza, ukumbi wa mihadhara ulikuwa ukivuja kila Aprili. Siku moja nilipanda juu pamoja na fundi aliyeitwa kuutazama. Tulikuta dimbwi. Katikati yake palikuwa na mdomo wa bomba, umezibwa na karatasi za plastiki na mchanga ulioachwa na wajenzi. Nikamuuliza kile kitu kinaitwaje. Akanijibu, "Hiyo ni shimo tu, Prof." Nikamuuliza ni nani hukizibua. "Hakuna mtu. Si ni shimo tu?"

Jibu hilo limenikaa akilini. Kitu kisicho na jina hakina mwenyewe. Hakiingii katika orodha ya kazi za mlinzi wala katika bajeti ya mwenye nyumba.

Tufanye hesabu kidogo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja mraba ni lita moja ya maji. Slabu ya mita mraba 100 ikinyeshewa milimita 50, hupokea lita 5,000, yaani tani tano. Mlizamu ukiziba, na kuta za ukingoni zikazuia, maji yakifika kina cha sentimita 10 slabu hiyo imebeba tani kumi ambazo pengine hakuna aliyezipigia hesabu. Hapo hatuzungumzii tena rangi ya dari kubambuka. Tunazungumzia uhai wa watu walio chini.

Kwa hivyo anayejenga na azingatie haya. Slabu ipewe mwinamo wa angalau sentimita moja na robo kwa kila mita, kuelekea mlizamu. Mlizamu uwe mahali pa chini kabisa, na mdomo wake uzame kidogo kuliko eneo linaloupakana. Mafundi wengi huuweka kando ya nguzo kwa kuwa bomba hushuka hapo kwa urahisi. Lakini slabu hulegea katikati ya nguzo, si kwenye nguzo. Baada ya miaka michache mlizamu hujikuta mlimani na maji bondeni. Utando wa kuzuia maji ushuke ndani ya mdomo na kubanwa humo, usikatwe pembeni, kwa sababu uvujaji mwingi huanzia kwenye kiungo hicho. Juu yake kiwekwe kichungi kilichoinuka kama kuba, maana kilicho bapa huzibwa na jani moja.

Tena mlizamu usiwe mmoja. Iwe miwili au zaidi, na kwenye ukuta wa ukingoni litobolewe tundu la dharura, sentimita chache juu ya slabu. Maji yakianza kumwagika hapo, kila mpita njia ataona kwamba mambo yameharibika. Kabla ya kumlipa kontrakta, ziba milizamu, tia maji ya sentimita chache, acha kwa saa 24, kisha ukague dari chini.

Na baada ya hayo, utunzaji. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, mtu apande na ufagio na ndoo. Azoe taka badala ya kuzisukuma ndani ya bomba, amwage maji, na asikilize kama yanashuka. Kazi hiyo haimalizi asubuhi moja. Usipoziba ufa, wahenga walisema, utajenga ukuta. Hapa waweza kujenga jumba zima.

Lamu iliingia katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia mwaka 2001, na Gedi ikafuata 2024. Twajivunia kuta zake na milango yake ya nakshi, na ni haki yetu. Lakini kilichoziweka kuta hizo wima ni kazi ndogo iliyorudiwa kila mwaka na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Wahandisi wetu na walimu wa vyuo vya ufundi walirudishe neno mlizamu katika michoro, katika mikataba na midomoni mwa mafundi. Kikishapata jina, tutaweza kuuliza ni zamu ya nani kukizibua.