Lami Kilomita Tatu, Abiria Wako Barabarani

Basi la Gulu likitoka katikati ya Kampala hushika Barabara ya Bombo, likapita Wandegeya kati ya kilima cha Makerere na Hospitali ya Mulago, kisha likaelekea Kawempe, Bombo na Luweero. Mbele yake kuna kilomita zipatazo 335. Siku njema ni mwendo wa saa tano au sita, pamoja na kusimama Migyera, ambako wachuuzi huyazingira madirisha na mishikaki ya nyama na ndizi za kuchoma.

Mkazi wa Wandegeya anayetaka kwenda Gulu kwa ndege huanza kwa kuipa kaskazini kisogo. Huteremka kusini zaidi ya kilomita 40 hadi Entebbe, hufika mapema kwa ajili ya ukaguzi, hupima mzigo, husubiri kuitwa, ndipo aruke kurudi upande uleule alikotoka. Kufikia hapo, jirani yake aliyepanda basi ameshaipita Luweero.

Gulu haina upungufu wa lami. Njia ya kurukia ya kiwanja chake inazidi kilomita 3, nayo ni miongoni mwa ndefu kabisa nchini. Ndege kubwa zinaweza kutua pale. Kilichoisumbua Gulu, kama kilivyoisumbua Arua, Soroti na Kasese, ni kupata shirika la ndege litakaloanzisha safari za ratiba na kudumu nazo. Serikali moja baada ya nyingine imelijibu tatizo hilo kwa kuahidi kiwanja kikubwa zaidi. Historia ya usafiri wa anga nchini Uganda inaonyesha kwamba jibu hilo halitoshi, na halijawahi kutosha.

Zama ambazo Entebbe haikumbembeleza mtu

Katika miaka ya 1930 shirika la Imperial Airways liliunganisha Uingereza na Afrika Kusini kwa ndege zilizosafiri kituo hadi kituo. Kuanzia 1937 ndege zake za majini zilikuwa zikitua Ziwa Viktoria kwenye Port Bell, bandari ya Kampala, kabla ya kuendelea Kisumu. Baada ya Vita Kuu ya Pili kazi hiyo ilihamia nchi kavu, Entebbe, ambako kiwanja kilichopanuliwa kilizinduliwa rasmi Novemba 1951.

Miezi michache baadaye kiwanja hicho kiliingia katika kumbukumbu za dunia mara mbili. Tarehe 6 Februari 1952, Elizabeth, aliyekuwa amepata habari za kifo cha baba yake akiwa Kenya, aliondokea Entebbe kurudi London akiwa tayari ni malkia. Tarehe 2 Mei mwaka huohuo, ndege aina ya Comet ya shirika la BOAC iliondoka London kwenda Johannesburg ikiwa na abiria 36. Hiyo ndiyo safari ya kwanza duniani ya ndege ya jeti kubeba abiria wa kulipa. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone.

Entebbe haikuipata heshima hiyo kwa kubembeleza. Comet haikuweza kuvuka bara la Afrika bila kuongeza mafuta njiani, na Entebbe ilikuwa mahali panapofaa. Haja hiyo ilipokwisha, baada ya viwanda kutengeneza ndege zenye uwezo wa kwenda mbali zaidi, safari za masafa marefu zikaanza kuviruka vituo vya katikati. Njia ya ndege huzaliwa na haja, na haja ikiondoka, uzuri wa jengo la abiria hauwezi kuizuia ndege isiondoke nayo.

Dakota, Friendship na kapu moja la mapato

Miji ya bara iliunganishwa na East African Airways, shirika lililoanza Januari 1946 kwa ndege ndogo sita aina ya Dominie, likimilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Baadaye zilikuja Dakota, kisha Fokker Friendship kuanzia 1962, ndege za pangaboi zilizofaa viwanja vifupi vya mikoani. Zaidi ya hizo, shirika lilikuwa na Comet 4 na baadaye Super VC10 za kwenda Ulaya.

Mpangilio huo ndio uliozibeba njia nyembamba. Mapato yote yaliingia kapu moja, kwa hiyo njia nene ya kwenda London iliweza kuisaidia njia ya mji mdogo ambayo peke yake isingelipa hata mshahara wa rubani. Nyuma ya shirika zilisimama serikali zilizokubali kwamba kuunganisha miji ni kazi ya umma.

Kapu lilitoboka kwa sababu za kisiasa. Idi Amin alitwaa madaraka Januari 1971, na mwaka uliofuata akawafukuza Waasia kwa maelfu. Wengi wao walikuwa wafanyabiashara katika miji ileile iliyohitaji ndege, na biashara ya miji hiyo ikaporomoka. Mwishoni mwa Juni 1976 ndege ya Air France iliyotekwa ilitua Entebbe, na usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israeli wakavamia kuwaokoa mateka. Jina la Entebbe likawa jina la vita mbele ya wasafiri wa dunia nzima. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na East African Airways ikazimika. Kila nchi ikabaki na shirika lake.

Uganda Airlines, lililoundwa Mei 1976, lilirithi kazi ya mikoani bila njia nene za kuibeba. Lilihangaika kwa robo karne. Serikali ilipojaribu kuliuza, wanunuzi walijitoa mmoja baada ya mwingine, na lilipofungwa Mei 2001 hata South African Airways, mnunuzi wa mwisho aliyesalia, alikuwa ameondoka mezani. Soroti, ambako chuo cha urubani cha Afrika Mashariki kilianzishwa mwaka 1971, umebaki mji uliozoea kuona ndege za wanafunzi kuliko ndege za abiria wa ratiba.

Vita vilipojaza viti

Kaskazini, historia ilichukua mkondo wake. Kuanzia 1987 hadi 2006 vita vya waasi wa Joseph Kony viliigeuza barabara ya kutoka Karuma kuelekea Gulu na Pakwach kuwa njia ya hofu. Magari yalishambuliwa, na kuna nyakati yalilazimika kusafiri kwa msafara chini ya ulinzi wa jeshi. Mtu mwenye uwezo alitafuta ndege. Shirika la kimisionari la MAF lilianza kazi Uganda mwaka 1987, na mwaka 1994 likaja Eagle Air, lililotumia ndege za LET 410 zenye viti 19.

LET 410 ilikuwa chaguo la busara. Ndege hiyo hutua kwenye changarawe bila taabu, nao uwanja wa Arua ulikuwa wa murram kwa miaka mingi. Licha ya murram hiyo, Arua ikawa kiwanja chenye shughuli nyingi zaidi nchini baada ya Entebbe. Ni mji wa mpakani, karibu na Kongo na Sudani Kusini, wenye wafanyabiashara, watumishi wa mashirika ya misaada na maofisa wa serikali ambao siku moja barabarani iliwagharimu zaidi ya tofauti ya nauli. Gulu, yenye lami ya kilomita 3, haikuipata hadhi hiyo.

Mazungumzo ya amani ya Juba yalifunguliwa Julai 2006 na mapigano yakasimamishwa mwezi uliofuata. Watu wakaanza kurudi vijijini, barabara zikatengenezwa, na mabasi yakaongezeka. Miaka iliyofuata mashirika mengi ya misaada yaliyokuwa yamejaa Gulu yakafunga ofisi. Abiria ambaye nauli yake ililipwa na mfadhili aliondoka, na abiria wa kawaida akarudi kwenye basi kwa sababu sasa lilikuwa salama. Hakuna anayeijutia amani. Hata hivyo ukweli usemwe: mahitaji ya ndege kaskazini yalijengwa juu ya hofu, na hofu ilipokwisha hapakuwa na mpango wowote wa kuyajenga upya juu ya biashara.

Biashara yenyewe ina sharti ambalo viongozi hulisahau. Mama anayenunua bidhaa Kikuubo, mtaa wa biashara wa Kampala, ili akaziuze Gulu husafiri na mabunda. Basi huyapakia. Ndege ndogo za ndani nchini humruhusu abiria kilo zipatazo 15. Hata nauli ingeshushwa hadi ilingane na ya basi, mama huyo asingepanda.

Kihihi yaishinda Gulu

Anayeamini kwamba kiwanja kikubwa ndicho huvuta ndege na atazame kusini-magharibi. Kihihi na Kisoro ni viwanja vidogo kando ya msitu wa Bwindi, havifikii hata nusu ya ukubwa wa Gulu, lakini ndege za Aerolink hutua huko kwa ratiba. Abiria wake ni mtalii anayekwenda kuwaona sokwe wa milimani. Tangu Julai 2024 kibali cha siku moja humgharimu mgeni kutoka ng'ambo dola 800 za Marekani, na safari ya gari kutoka Entebbe hula karibu siku nzima. Mtu aliyelipa kiasi hicho hatajali kuongeza nauli ya ndege.

Majirani nao wana la kufundisha. Nairobi na Kisumu zimetengana kwa umbali unaokaribiana na ule wa Kampala na Gulu, lakini Kenya Airways na Jambojet zote huruka katika njia hiyo. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko chini ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, kwa hiyo saa anayookoa abiria angani haiporwi na mwendo wa kwenda uwanjani. Tanzania ilifungua uwanja wa Songwe, Mbeya, mwaka 2012, na ndege za jeti zikaja kwa sababu barabara ya kutoka Dar es Salaam inazidi kilomita 800. Shirika la Fastjet lilipoacha kuruka mwishoni mwa 2018, Air Tanzania iliyofufuliwa kwa fedha za umma ilikuwepo kuziba pengo. Eldoret, iliyofunguliwa mwaka 1997 ikiwa na njia ya kurukia ya karibu kilomita 3.5, ilijulikana kwa miaka mingi zaidi kwa mizigo ya kutoka Ghuba kuliko kwa abiria.

Ndege mpya, swali la zamani

Uganda Airlines lilirudi angani tarehe 28 Agosti 2019 likiwa na ndege za CRJ900, kisha likanunua Airbus A330-800 mbili. Limefika Dubai, Mumbai, Lagos, na tangu Mei 2025 uwanja wa Gatwick, London, mji ambao British Airways iliacha kuuunganisha na Entebbe mwaka 2015. Mwaka 2024 Entebbe ilivuka abiria milioni 2. Ni mafanikio yanayostahili pongezi.

Lakini ndege hizo hazikununuliwa kwa ajili ya Gulu. CRJ900 ina viti 76. Safari moja ya kwenda na kurudi kila siku ingehitaji watu 152 kujaa, siku saba kwa wiki, na mwendo mfupi ndio ghali zaidi kwa kila kilomita, kwani injini hunywa mafuta mengi wakati wa kupaa. Pasipo na akiba ya mafuta ya ndege mikoani, rubani hubeba mafuta ya kwenda na kurudi, na uzito huo huondoa abiria au mizigo.

Wakati huohuo taifa limejenga Uwanja wa Kimataifa wa Kabalega, Hoima, wenye njia ya kurukia ya kilomita 3.5. Sababu yake ya kwanza ni kuleta mitambo ya kiwanda cha kusafishia mafuta ya petroli. Mitambo ikishafika, Kabalega itakabiliwa na swali ambalo Gulu imeishi nalo kwa miongo.

Hata hivyo haja ya ndege inaweza kurudi ghafla. Kati ya Septemba na Desemba 2024 daraja la Karuma, kwenye barabara ya kwenda kaskazini, lilifungwa kwa magari yote ili likarabatiwe, na wasafiri wa Arua wakazungukia Masindi, Paraa na Pakwach. Mkoa mzima ulikuwa umening'inia kwenye daraja moja lililojengwa mwaka 1963. Huo ndio wakati ambao ndege ingefaa, lakini shirika haliwezi kuanzisha njia ndani ya wiki moja. Njia huhitaji ndege ya saizi yake, wahudumu, mafuta na wateja waliozoea ratiba.

Fedha ziende kwenye viti

India ilianzisha mpango wa UDAN mwaka 2016. Serikali hulifidia shirika sehemu ya hasara kwa miaka mitatu, nalo huuza sehemu ya viti kwa bei yenye kikomo. Njia nyingi zilikufa ruzuku ilipokoma, nyingine zikasimama. Uganda inaweza kuiga mpango huo kwa hadhari, kwa njia chache na kwa muda unaojulikana.

Arua inastahili kuwa ya kwanza, kwa sababu umbali wake wa kilomita karibu 500 kutoka Kampala unaipa ndege faida ya kweli dhidi ya basi. Gulu nayo iangalie kaskazini. Juba iko kilomita zipatazo 300 kutoka pale kwa barabara yenye historia ya mashambulizi, na abiria wa Gulu kwenda Juba hahitaji kuteremka kwanza hadi Entebbe. Ndege ziwe za viti 19 hadi 50, ratiba impe mfanyabiashara nafasi ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, na akiba ya mafuta iwekwe mikoani kabla ya majengo mapya ya abiria.

Wabunge wa kaskazini wamekuwa wakidai viwanja kwa haki, maana watu wao waliteseka kwa miaka 20 na wanastahili kuunganishwa na nchi yao. Sasa wabadilishe dai lenyewe. Bajeti ijayo ikisomwa, waiulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ni shirika gani litaruka, kwa ndege ya viti vingapi, mara ngapi kwa wiki, na nani atalipia viti vitupu mwaka wa kwanza. Kiwanja kisichokuwa na majibu hayo kisitengewe fedha.