Sheria na Biashara: Historia ya Shahada Mbili kwa Mwanafunzi Mmoja

Wazee walisema, mshika mbili moja humponyoka. Hata hivyo, tangu nusu ya pili ya karne ya ishirini, vyuo vikuu vya Marekani vimekuwa vikiwaita vijana wao washike mbili kwa pamoja: shahada ya juu ya uongozi wa biashara, ile iitwayo MBA, na shahada nyingine ya juu ya sheria, ya utabibu, ya uhandisi, au ya mambo ya nchi za nje. Jambo lililokuwa geni zamani sasa ni la kawaida, wala halimshangazi mtu. Katika makala haya twataka kuitazama hasa jozi moja, yaani sheria na biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, kwa kuwa historia yake yaonekana wazi tangu mwanzo. Swali letu ni moja: chuo kikuu kikimpa mtu shahada mbili, ni nani hasa aziunganishaye elimu zile mbili?

Yafaa kwanza tukumbuke ya kuwa biashara haikupokewa chuo kikuu kwa furaha ya wote. Katika mwaka wa 1881 mwenye viwanda Joseph Wharton aliupa Chuo Kikuu cha Pennsylvania dola 100,000 ili ianzishwe shule ya fedha na uchumi. Mwaka wa 1900 chuo cha Dartmouth kilifungua Shule ya Tuck kwa ajili ya masomo ya juu ya biashara. Kisha mwaka wa 1908 Harvard ikaanzisha shule yake ikiwa na wanafunzi 80, nayo ndiyo iliyotoa MBA ya kwanza. Mkuu wake wa kwanza, Edwin Gay, hakuwa mfanyabiashara bali mwanahistoria wa uchumi. Hata hivyo wako walionuna. Mwanauchumi Thorstein Veblen, katika kitabu chake cha mwaka 1918 juu ya elimu ya juu ya Marekani, alisema kwamba shule ya biashara haina haki ya kukaa katika chuo kikuu zaidi ya idara ya michezo. Shule hizi, basi, zilikuwa na haja ya kuonyesha kuwa zinayo elimu ya kweli, na njia yenye heshima ya kuifundisha.

Njia hiyo Shule ya Biashara ya Harvard iliiazima kwa jirani yake. Shule ya Sheria ilikuwako tangu mwaka 1817. Mwaka wa 1870 ilipata mkuu mpya, Christopher Columbus Langdell, aliyegeuza ufundishaji wote. Kabla yake mwalimu alihutubu na mwanafunzi akaandika. Langdell alimpa mwanafunzi hukumu za mahakimu azisome mwenyewe, kisha akamhoji mbele ya wenziwe mpaka kanuni iliyofichika ndani ya hukumu idhihirike. Kitabu chake cha kesi za mikataba kilitoka mwaka 1871. Gay alitamani tangu mwanzo kuwa biashara nayo ifundishwe kwa namna hiyo, lakini aliyelitimiza jambo hilo ni Wallace Donham, mkuu wa shule tangu mwaka 1919 hadi 1942. Donham mwenyewe alikuwa amehitimu katika Shule ya Sheria ya Harvard, kisha akafanya kazi katika benki. Mwaka wa 1920 mwalimu Melvin Copeland alitoa kitabu cha kwanza cha visa vya biashara, kuhusu masoko.

Hapa Kiswahili chatusaidia kuona jambo ambalo Kiingereza hulificha. Wao wana neno moja kwa yote mawili; sisi twasema kesi tukiwa mahakamani, na kisa tukisimulia yaliyompata mtu. Tofauti hiyo ni ya kweli. Katika kesi, hakimu amekwisha kuhukumu, na mwanafunzi huulizwa kama sababu za hukumu ni sahihi. Katika kisa cha biashara hapana aliyehukumu bado: meneja ana deni, ana ghala lililojaa, ana wafanyakazi wangojao mshahara, na kesho asubuhi lazima aamue. Mwanasheria hufundishwa kuyatazama yaliyopita ili apate kanuni. Mfanyabiashara hufundishwa kukata shauri kabla mambo yote hayajajulikana. Njia ilikuwa moja, lakini ilizaa akili mbili.

Mwaka wa 1924 tajiri wa benki George F. Baker alitoa dola milioni 5 ili Shule ya Biashara ijengewe makao yake yenyewe. Yalijengwa ng'ambo ya mto Charles, upande wa Boston, yakazinduliwa mwaka 1927. Shule ya Sheria ikabaki upande wa Cambridge. Mwaka huo huo wa 1927 lilikamilishwa daraja la waendao kwa miguu, liitwalo daraja la Weeks, ili watu wapate kuvuka. Hivyo ndugu wawili waliokula sahani moja wakawa na nyumba mbili na mto katikati. Kila nyumba ikawa na walimu wake, maktaba yake, na mitihani yake. Daraja lilikuwako, lakini mwanafunzi wa sheria hakuwa na sababu ya kulivuka.

Sababu ililetwa na ulimwengu wa nje. Tangu Sheria ya Sherman ya mwaka 1890, iliyopiga vita uhodhi, serikali ya Marekani ilizidi kuingia katika mambo ya makampuni. Mwaka 1914 ilianzishwa tume ya kuchunguza ushindani wa biashara. Mwaka 1933 na 1934, baada ya masoko ya hisa kuanguka, zikaja sheria za kuwalinda wanunuzi wa hisa. Mwaka 1964 ikaja sheria iliyokataza ubaguzi katika ajira. Zamani mwanasheria aliitwa baada ya ugomvi kutokea. Sasa ilimpasa aketi mezani tangu shauri linapoanza, kwa maana hapakuwa tena na uamuzi mkubwa wa biashara usiogusa sheria. Wakati huo huo shule za biashara zenyewe zilikuwa zimekemewa. Mwaka wa 1959 zilitoka taarifa mbili, moja ya Robert Gordon na James Howell iliyogharimiwa na Wakfu wa Ford, na nyingine ya Frank Pierson iliyogharimiwa na Wakfu wa Carnegie. Zote mbili zilisema kuwa mafunzo ya biashara yalikuwa membamba mno, na kwamba yapaswa kuegemea elimu zilizokomaa, kama uchumi, hisabati, na uchunguzi wa tabia za wanadamu.

Basi mwaka wa 1969 Harvard ikafungua mpango wa pamoja. Katika mwaka huo huo shahada ya sheria iliyokuwa ikiitwa LL.B. ilibadilishwa jina ikawa J.D., kwa kuwa waliokuwa wakiisoma walikuwa na shahada nyingine tayari. Sheria yataka miaka mitatu, na biashara miaka miwili, jumla mitano. Mpango wa pamoja huimaliza yote kwa miaka minne. Mwombaji hana budi akubaliwe na shule zote mbili, kila moja kwa hukumu yake. Kisha husoma mwaka mmoja katika shule ya kwanza, mwaka mmoja katika ya pili, na miaka miwili ya mwisho huyachanganya masomo.

Msomaji atauliza: mwaka mmoja umekwenda wapi? Hesabu yake ni rahisi. Mwaka wa kwanza wa sheria ni wa lazima, na mwaka wa kwanza wa biashara vile vile, hiyo haikuguswa. Aliyesoma shahada hizi mbalimbali angekuwa na miaka mitatu yenye nafasi ya kuchagua, miwili ya sheria na mmoja wa biashara. Katika mpango wa pamoja imebaki miwili. Kilichopunguzwa, basi, ni theluthi moja ya masomo ya hiari, kwa kuwa kila shule imekubali kuyahesabu masomo ya mwenzake kana kwamba ni yake. Faida ya mwanafunzi ni ada ya mwaka mmoja na mshahara wa mwaka mmoja, jambo ambalo mwenye madeni hawezi kulidharau. Vyuo vingine vimekwenda mbali zaidi: Northwestern na Pennsylvania vina mipango ya miaka mitatu tu.

Lakini je, haja ya elimu hizo mbili kukutana ilikuwa ya kweli, au ni tamaa ya vyeo tu? Jibu lilitolewa upesi na kampuni ya reli. Mwezi wa Februari 1968 makampuni mawili makubwa yaliyokuwa yakishindana, Pennsylvania na New York Central, yaliungana yakawa Penn Central. Tarehe 21 Juni 1970 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na kufilisika huko kulikuwa kukubwa kupita kote kulikopata kuonekana Marekani mpaka siku hiyo. Sababu zilikuwa nyingi: malori na barabara kuu ziliichukua mizigo, abiria walileta hasara, na nauli zilipangwa chini ya mkono wa serikali. Pamoja na hayo, muungano wenyewe ulikuwa wa karatasi. Mwenyekiti, Stuart Saunders, alikuwa mwanasheria, rais wa kampuni, Alfred Perlman, alikuwa bwana wa reli tangu ujana, nao hawakupatana. Watumishi wa makampuni ya zamani walibaki kambi mbili, na mashine za hesabu za pande mbili hazikusemezana, hata mabehewa yakapotelea njiani.

Kisa hiki chafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kampuni inapofilisika, sheria na biashara haziachani tena. Sheria huuliza ni nani alipwe kwanza. Biashara huuliza kama kampuni yaweza kuishi. Wala hapana awezaye kulijibu moja vema bila ya jingine, kwa kuwa mali ya kuwalipa wadai hutegemea uhai wa kampuni. Wenye kuutetea mpango wa shahada mbili wana haki katika hilo: mwanasheria asiyeweza kusoma mizania ni kipofu katika shauri kama hili, na mfanyabiashara asiyejua nguvu ya mkataba ni kiziwi. La pili ni onyo. Kuviweka vitu viwili chini ya jina moja siyo kuviunganisha. Ikiwa mwanasheria na bwana wa reli walikaa meza moja bila ya kuelewana, hapana hakika kuwa elimu zao zitaelewana kwa kuwekwa katika kichwa kimoja, kama hapana aliyezifundisha kuzungumza.

Hapo ndipo udhaifu wa mpango huu ulipo. Asubuhi mwanafunzi husoma kesi upande mmoja wa mto, na jioni kisa upande wa pili. Kazi ya kuvilinganisha huifanya mwenyewe akiwa darajani. Hodari huweza. Wengi huishia kuichagua njia moja na kuiweka nyingine akiba. Mitt Romney, aliyehitimu shahada zote mbili Harvard mwaka 1975, baadaye gavana wa Massachusetts na mgombea urais wa mwaka 2012, alianza kazi katika ushauri wa biashara, wala si katika ofisi ya mawakili.

Vyuo vingine vilijaribu njia tofauti. Mwaka wa 1976 Chuo Kikuu cha Yale kilifungua shule ambayo haikutaka shahada mbili bali moja yenye moyo mpana, shahada ya uongozi wa mambo ya umma na ya watu binafsi, ili mtu mmoja aweze kuongoza kiwanda au hospitali au wizara. Lilikuwa wazo la maana. Lakini jina lililojulikana sokoni lilikuwa MBA, na mwaka 1999 Yale nayo ikaanza kutoa MBA. Hata hivyo wazo lenyewe halikufa: mwaka 2006 shule hiyo iliyapanga upya masomo yake ya lazima, isiwe uhasibu peke yake na masoko peke yake, bali mwanafunzi aitazame biashara kwa macho ya mnunuzi, ya mfanyakazi, na ya mwenye mtaji. Huko Pennsylvania, mwaka 1983, ndugu wawili, Leonard na Ronald Lauder, walianzisha taasisi kwa kumbukumbu ya baba yao, Joseph. Wanafunzi wake hupata MBA pamoja na shahada ya mambo ya kimataifa, nao hujifunza lugha ya nchi fulani na kwenda kuishi na wenyeji wake. Hapo shahada ni mbili, lakini katikati yake pana nyumba ya tatu, yenye walimu na kazi yake yenyewe.

Kutokana na historia hii twaweza sasa kuirudia methali. Waliozishika shahada mbili hawakuponyokwa na yoyote. Vyeti vyote viwili wanavyo. Kilicho katika hatari ya kuponyoka ni kitu cha tatu, nacho ndicho kilichotafutwa tangu mwanzo, yaani elimu ikaayo kati ya mbili. Hiyo haipatikani kwa kujumlisha. Yataka mwalimu aijuaye, darasa liisomalo, na muda. Na muda ndio uliokatwa ili miaka mitano iwe minne, na minne iwe mitatu.

Kwa hiyo mwanafunzi afikiriaye njia hii asianze kwa kuhesabu miaka wala herufi zitakazofuata jina lake. Na aulize kwanza ni masomo gani yafundishwayo na walimu wa shule zote mbili pamoja, na ni nani atakayeisahihisha kazi yake atakapoandika juu ya jambo lililo la sheria na la biashara kwa wakati mmoja. Akiambiwa kuwa hayuko, na ajue kuwa kazi ya kuunganisha ameachiwa yeye, aijenge nia yake kwa kazi hiyo. Na chuo kikuu kitakacho kutoa shahada mbili kina wajibu wa kumweka mwalimu huyo kwanza, kabla ya kutangaza mwaka uliookolewa.